Samli Juu ya Injini

Nafundisha darasa la nne, na nusu ya mitihani yangu ni sentensi za kujibu kweli au si kweli. Watoto wakiona mwanzo wa sentensi ni kweli, hawamalizi kusoma. Wanaweka vema, nami nawakosesha bila huruma. Sikujua kama mume wangu Gidabuday naye yumo kwenye kundi hilo.

Tuliuza ng'ombe tukanunua pikapu mpya ya kupeleka maziwa Katesh. Ilipofika nyumbani, mama mkwe wangu aliibariki kwa desturi yao Wadatoga. Alipaka samli mlangoni na kwenye usukani, kisha akataka boneti ifunguliwe apake na injini, maana ndiyo inayofanya kazi. Mimi Mwiraqw wa Tlawi nilisimama pembeni nikaitikia amina.

Kabla mwaka haujaisha, gari lilichemka njiani likazima. Waranti ilikuwa bado hai. Lakini jirani yetu mjuaji alitangaza kwamba ukitia mafuta yasiyo ya kampuni, hutengenezewi bure. Gidabuday akaamini palepale. Mama mkwe naye akasikia. Akasema mkono wake ndio umeua gari la mwanawe, na toka hapo akakataa kumbariki mtu yeyote, hata mjukuu wake mchanga, mwanangu, aliyekuwa akisubiri kupakwa samli. Hilo liliniuma kuliko gari.

Gidabuday akaja na mpango wake: tufute samli, fundi akiuliza tukane wote, mama akiwemo. Nilikasirika sana. Nilimwambia kwamba mama hajawahi kusema uongo, na hataanzia kwenye pikapu.

Fundi wa kampuni aliitwa Modest, alitoka Arusha. Alimwamkia mama shikamoo, akafungua boneti, akanusa, akauliza nani amepaka mafuta haya. Gidabuday akageuka kuangalia mlima Hanang kana kwamba ndiyo kwanza anauona.

"Ni mimi," mama akasema. "Nilikuwa nabariki."

Modest akatikisa kichwa, akasema basi, waranti imekufa. Hapo uvumilivu ukaniishia. Nilimwomba asome kwa sauti sharti analolitegemea. Akasoma: waranti itakoma iwapo hitilafu imesababishwa na mafuta yasiyoruhusiwa yaliyotiwa ndani ya injini.

"Samli ipo, hiyo ni kweli," nikamwambia. "Kwamba imeingia ndani ikaharibu gari, hilo bado hujui. Angalia kwanza, mwanangu."

Aliguna, lakini akavua koti. Akachomoa kijiti cha kupimia oili, akakiangalia juani. Oili ilikuwa safi. Akaingia chini ya gari, akakaa huko mpaka Gidabuday akaanza kuzunguka zunguka. Alipotoka, mikono ilikuwa myeusi. Alisema pampu ya maji ina ufa, imetoka nao kiwandani, ndiyo maana maji yalivuja na injini ikachemka. Kampuni italeta nyingine bila malipo.

Gidabuday alimshika mkono akashukuru mpaka fundi akaona aibu. Mama mkwe hakusogea. Alikuwa anamtazama Modest tu.

"Kwa hiyo siyo mkono wangu?"

"Siyo mkono wako, mama."

Akamwomba arudie. Modest akarudia, safari hii taratibu zaidi. Mama akakaa chini kwenye majani akalia kwa sauti, nami nikakaa karibu yake. Alipomaliza kulia, alinyoosha mikono akaniambia nimletee mtoto.