Sauti ya Sadiki Msimu wa Salfa

Sadiki tulimzika wakati wa masika, na mikorosho ilipoanza kuchanua akaanza kutupigia simu.

Siyo hadithi ya mizimu. Mizimu ya kwetu Mandawa haijafikia kuwa na laini. Ni kwamba mwaka mmoja kabla hajafa, kampuni moja ya mjini ilimchukua mpaka Nachingwea, ikamweka kwenye chumba kilichozibwa magodoro kila ukuta, ikamsomesha maneno mpaka koo likamkauka. Walimfuata kwa ajili ya sauti. Yeye ndiye aliyekuwa akizunguka na spika ya mkononi kutangaza habari za chama cha msingi cha wakulima: ghala limefunguliwa, salfa, ile dawa ya unga ya mikorosho, imefika, mnada kesho. Ilikuwa sauti nzito yenye mkwaruzo kidogo, ambayo ukiisikia unatii kwanza, halafu ndiyo unauliza kuna nini. Kompyuta ikajifunza sauti hiyo, na tangu hapo ikawa inaweza kusema chochote kwa mdomo wa Sadiki, hata ambacho Sadiki mwenyewe hajawahi kukisema. Kazi ya kompyuta hiyo ilikuwa kuwapigia wakulima na kuwaeleza lini wapulize dawa, lini wapalilie.

Alirudi kutoka Nachingwea anatembea kama waziri. Nikamwambia wamemchagua yeye kwa sababu kwenye simu sura haionekani.

Nilikuwa na ruhusa. Mimi ni mtani wake, ukoo kwa ukoo, tangu kwa mababu, na yeye alinilipa kwa kipimo kilekile. Nilipotoka machimboni Namungo na malaria badala ya dhahabu, alinipokea njiani na jembe, akasema dhahabu ya kwetu iko juujuu, chimba. Niliporudi kutoka Dar nimetapeliwa mpaka viatu, alitangaza kwa spika kijiji kizima kwamba Mikidadi amefika, mwenye ndala za kuazima azilete. Watu walileta. Siku hizi nikiikumbuka ile sauti ilivyokuwa ikipita nyuma ya nyumba asubuhi, ikinitukana kabla sijanawa uso, naona kijiji kimekuwa kimya mno.

Siku ya mazishi nilifanya kazi yangu. Nilivaa koti lake la kijivu, nikachukua spika yake, nikawatangazia waombolezaji kwamba anayelia bila kupalilia shamba lake hapewi ubwabwa. Nikatembea kama yeye, bega moja juu. Mjane wake, Zuleha, aliyekuwa amelala mkekani hataki chakula, alicheka huku analia. Ndiyo kazi ya mtani msibani. Arobaini ilipoisha nikavua koti, likafuliwa, akapewa mpwa wake, na mimi nikarudi kuwa Mikidadi.

Halafu simu ikaita. Ilikuwa asubuhi, niko na Isihaka, mwenyekiti wa chama chetu cha msingi. Simu yake ikasema, "Ndugu mkulima, hapa anaongea Sadiki wa Mandawa. Ugonjwa wa ubwiri unga umeanza kuonekana kwenye maua." Isihaka aliitupa simu mchangani kama imemuunguza. Sijui kampuni haikuwa na habari kwamba msemaji wao amefariki, au ilikuwa nazo na kompyuta haikujali. Wengine walibadilisha laini. Wengine waliendelea kusikiliza, maana ushauri wenyewe ulikuwa mzuri.

Zuleha alifurahi. Hilo ndilo lililonitisha. Aliiweka simu juu ya kinu, sauti mpaka mwisho, akajifunga khanga safi, akakaa. Sadiki alipoita "ndugu mkulima," akaitika abee. Mume wake wa tangu usichana anamwita ndugu mkulima, na yeye anaitika abee. Siku akiisahau simu nyumbani, aliacha jembe shambani akarudi mbio. Akaacha kwenda kwa dada yake Nanganga kwa sababu mtandao wa kule ni wa kubahatisha. Nilijaribu kumtania kidogo, akanijibu kwamba mtu mzima na mvi zangu ninaionea simu wivu.

Ndipo likaja Baraza. Ni chombo cha taifa, walituambia, na kazi yake ni kuangalia teknolojia mpya zinawafanyia nini watu. Walikuja wawili kwenye gari lililojaa vumbi la barabara ya Ruangwa: mama mmoja kijana aitwaye Asmaa, ndiye mkubwa wa msafara, na dereva wake Edwin. Sisi tulidhani wameleta salfa. Walipoeleza kwamba hawana salfa, nusu ya watu wakakumbuka shughuli zao.

Asmaa hakuchukia. Alisema Baraza halina uwezo wa kufunga kitu wala kufungua. Linasikiliza, linapima, kisha linawashauri wanaotunga sheria na wanaotoa vibali, nao mara nyingine husikia. Habari za marehemu anayepiga simu zilikuwa zimewafikia, wakataka kujua wenyewe tunasemaje. Isihaka akauliza wanapima kwa mzani gani. Asmaa akacheka, akasema mzani ni sisi tuliokalia magunia hapo ghalani.

Kabla ya mkutano wenyewe aliomba apelekwe kwa mjane, wakanituma mimi. Zuleha alimkaribisha vizuri, akampa korosho za kukaanga, halafu akamwambia kwamba kama amekuja kumnyamazisha mume wake, ale korosho zake aende salama. Asmaa akala, akauliza habari za shamba, wala hakuligusa jambo hilo tena. Tulipoinuka kuondoka, Zuleha akanishika mkono.

"Shemeji," akasema, "ukifungua mdomo kule ghalani, utani wetu umekwisha."

Niliufungua. Isihaka alikuwa amekwishasema kwamba tangu simu zile zianze watu wanapuliza kwa wakati na maua hayaungui, na wengi waliitikia. Nikasimama, nikasema ushauri ubaki ila sauti iondoke, maana kuna mtu kijijini hapa amefungwa nyumbani kwa kamba isiyoonekana. Sikutaja jina. Katika ghala zima hakuna aliyehitaji kutajiwa.

Zuleha akasimama upande wa wanawake.

"Wewe si ndiye uliyevaa koti lake mbele za watu?" akaniuliza. "Ukaongea kwa sauti yake, maiti haijapoa? Leo unaikataza simu?"

Watu wakaguna. Asmaa ndiye aliyelichukua swali lile. Alisema hata yeye hajui jibu lake, na amelibeba tangu alipoanza kazi hii, kwa hiyo anamwomba mama mwenyewe amsaidie: kuna tofauti gani kati ya mtani na simu?

Zuleha akaninyooshea kidole.

"Huyu alikuwa anakosea," akasema. "Bega alilokuwa akiliinua silo. Nilicheka kwa sababu nilimwona ni Mikidadi, na nikishacheka nakumbuka mwenyewe amekwenda. Ile ya kwenye simu haikosei. Ikimaliza mambo ya salfa nakaa palepale, nangoja anitaje jina." Akamgeukia Asmaa. "Wanaweza kuifanya initaje?"

Asmaa angeweza kumdanganya, na wengi wetu tungemshukuru. "Wanaweza, mama," akasema. "Wakitaka, hata kesho."

Zuleha akalishika pindo la khanga yake, akalikunja, akalikunjua.

"Basi waambie waache," akasema. "Wakiniwekea jina langu mle, sitatoka tena nyumbani."

Hapo ndipo iliponipasa kufurahi. Nilikuwa nimekipata nilichokitaka, na utani wangu bado mzima. Lakini mkono wangu ulikuwa juu. Sikumbuki niliuinua saa ngapi. Nikajisikia nikiomba wasiharakishe, wangoje angalau msimu uishe, dawa ya mwisho ipulizwe. Asmaa akauliza kwa nini, baba. Nikasema kwa sababu ya ushauri, wakulima watayumba.

Watu walicheka, maana muda si mrefu uliopita nilikuwa nimesema kinyume chake. Zuleha hakucheka. Nadhani alikuwa ameshaelewa. Kila simu ile ilipoita, mimi nilikuwa nikienda nayo mbali kwenye mikorosho, peke yangu, nikibishana na yule bwana. Akisema pulizeni, namwambia puliza wewe. Akisema palilieni, namkumbusha shamba lake la Nambambo lililomezwa na majani. Nilikuwa nikimwachia nafasi ajibu.

Asmaa aliandika ya Zuleha na yangu pia, bila kuchagua. Baada ya wiki kadhaa alimpigia Zuleha mwenyewe. Baraza limeshauri kwamba sauti ya aliyekufa isitumike bila ridhaa ya wafiwa, na wakitaka inyamaze, inyamaze. Sheria bado, alisema, sheria huja polepole, ila kampuni imekubali kumtoa Sadiki mapema. Tangu hapo anayetupigia ni binti mwenye sauti ya redio, anatuita "mkulima wangu." Isihaka anasema ni mpole. Hakuna anayemtii.

Dawa ya mwisho tulipuliza wenyewe. Zuleha aliniita nibebe mashine, maana wapwa wake walikuwa shuleni. Jioni tulizunguka shambani, akapindua maua, akayanusa, akasema kesho alfajiri. Nikamwambia Sadiki angengoja kidogo, hewa itulie.

"Sadiki hayupo," akasema. "Kesho."

Alfajiri tukaanza, umande bado kwenye majani. Mti wa kwanza ukaenda vizuri, na wa pili. Kwenye wa tatu upepo ukageuka, unga wote wa salfa ukanirudia usoni. Nikazima mashine, nikachuchumaa, machozi yakinitoka ovyo. Zuleha akaja na kidumu cha maji, akasimama mbele yangu akinimiminia.

Akaniuliza ni salfa au ni Sadiki. Nikamwambia ni salfa.

"Basi funga mdomo," akasema, "inaingia."