Pipa la Buluu

Malori yalipomaliza kumwaga uchafu wa viwanda vya ng'ambo kwenye machimbo nyuma ya nyumba zetu, mwenyekiti wa mtaa alitugawia mapipa matupu. Zawadi ya wafadhili, alisema, tuwekee maji. Mtu mmoja akauliza kuhusu fuvu lililochorwa ubavuni. Akajibiwa kwamba ni la kutisha wezi. Tukapiga makofi, na mchungaji akayaombea.

Mama mzazi wa mwenyekiti ni jirani yangu. Tunamwita Bibi Kiranja, maana hakuna foleni asiyoipanga. Alichagua wa kwanza, akachukua la buluu lisilo na mkwaruzo. Mimi fundi cherehani nilikuta yamekwisha. Nilinuna, kwa sababu mkwe wangu amejifungua juzi juzi, na maji ya kumwogesha mtoto tunayabeba kwa ndoo.

Kesho yake mwenyekiti alimletea mama yake tangi jipya la plastiki. Lile la buluu akalibingirisha hadi mlangoni kwangu, akajipangusa mikono kwa leso.

"Shangazi, nimekukumbuka. La mjukuu hilo."

Nilimbariki mpaka mate yakanikauka.

Jioni pipa lilikuwa limejaa na mtoto ameshavuliwa nguo, Bibi Kiranja akaingia bila hodi. Aliuliza nani kalileta. Nikamwambia ni mwanawe. Alikaa kwanza, kisha akasema mwanawe amemkataza hata kunawa maji ya pipa lile, eti yanachubua hadi mfupa.

"Nikamwambia awaambie na majirani. Akasema ataona la kufanya."

"Basi ameona mlango wangu," nilimjibu, huku nikimfunika mtoto.

Nilimwomba Mungu anipunguzie hasira. Hakunipunguzia, nami namshukuru. Tulibana kifuniko, tukalibingirisha pipa na maji yake humo humo kuelekea kwa mwenyekiti. Majirani wakauliza, wakaambiwa, wakatoa na yao. Bibi Kiranja alitangulia, akipanga foleni.

Mwenyekiti alitoka akitafuna.

"Mama, na wewe?"

"Nimekuja kuoga kwako," alisema mama yake, akakunja mikono ya gauni. Akafungua kifuniko, akainama.

Mwenyekiti alitema tonge, akamdaka mkono.

"Mama, usiguse. Ni sumu."

Mtaa mzima ulisikia. Katika miaka yake yote ya uongozi, hilo ndilo tangazo pekee la kweli alilotutolea, na wala hakututolea sisi.