Mashine Iliyosingiziwa

Hebu kiwaze chumba chenye dirisha moja, meza mbili, kabati la mafaili ambalo mlango wake haufungiki mpaka uusukume kwa goti, na juu ya meza kubwa kompyuta imefunguliwa ubavu, matumbo nje, skrubu zake sita zimewekwa kwenye kifuniko cha chupa zisipotee, fundi ameinama mbele yake na bisibisi mkononi, na Mkuu wa chuo yuko mlangoni, simu ameiziba kwa kiganja ili anayengoja upande wa pili asisikie, anauliza, "Haya, Bi Karani, wewe ndiye unayeishi nayo, tuikarabati au tununue ile ndogo mpya?" ... swali dogo, mtoto wa chekechea angelijibu, naye Bi Karani aliwafundisha watoto wa chekechea miaka kumi na tisa kabla ya kuletwa ofisini, akiwaambia kila siku asiharakishe mtu kunyoosha kidole, fikiri kwanza, basi na yeye anafikiri, ataonekana anafikiri, hakuna ubaya katika kufikiri, ila mikono yake imeshuka mapajani na inakunja upindo wa gauni, inaukunjua, inaukunja, na Redio ameanza tena... Redio ndiye mtunza stoo, jina walimpa wanafunzi kwa sababu hazimwi, anaazima kiti kwenye meza ya pili kila saa nne ati anahesabu chaki, "Mimi nasema mzee apumzishwe, Mkuu, hiyo si kompyuta tena, hiyo ni babu wa ukoo, ukiiwasha asubuhi inakohoa, unakwenda kunywa chai, unarudi bado inatafuta miwani"... miwani, kasema miwani, kwa nini aseme miwani, kuna vitu vingapi vya kutafutwa duniani, anajua nini huyu, hajui, Redio angejua chuo kizima kingejua kabla ya kengele ya mchana.

Fundi alikwisha kueleza vizuri, polepole, kama mwalimu, na yeye alimsikiliza hivyo hivyo, ya kwamba hii ya zamani kichwa chake bado kizima, kinachoichelewesha ni diski iliyochoka na kumbukumbu kidogo, ukiitia diski mpya ya kisasa na kuiongezea kumbukumbu itaamka kama kijana, bei yake na ya ile ndogo hazipishani sana, lakini sitawadanganya, alisema, ubao wake wa ndani una vidude vimeanza kuvimba, unaweza kwenda miaka miwili, unaweza kwenda hadi Ijumaa, na ile ndogo ya bei nafuu ni mpya kweli, ina waranti, ila kioo chake ni kama daftari, kila kitu kimegandishwa ndani, ikilemewa huwezi kuiongezea chochote, unaitupa... kuongezewa kumbukumbu, alicheka moyoni alipolisikia neno hilo, maana kama ni kumbukumbu yeye anazo za kugawa, angepatikana fundi wa kumpunguzia moja tu, moja, angemfungua ubavu na yeye, akae kimya, wala asiulize itauma... "Ile ndogo inabebeka," anasema Mkuu, "unaweza hata kwenda nayo kwenye kikao," na ni kweli inabebeka, jana fundi aliiweka mbele yake aijaribu, vitufe bapa vyote, vidole vikateleza juu yake kama juu ya kigae, na kwenye kile kioo aliona mwanga, basi, mwanga mweupe na katikati ya mwanga lile doa, lile lile linalokaa katikati ya kila kitu siku hizi, katikati ya sahani, katikati ya uso wa mtu, akasema "nzuri, ina rangi nzuri"... rangi nzuri, Mungu wangu, kama anayenunua kitambaa.

Kwenye hii kuukuu hahitaji kuona, hiyo ndiyo siri yake na mashine, vitufe vyake vina mabonde, vidole vimeyachimba vyenyewe miaka yote hiyo, kwenye baadhi yake ametia tone la rangi ya kucha ili kidole kijue kimefika, na maandishi ameyakuza mpaka neno moja linajaza nusu ya kioo, mtu akiingia, yeye anaubonyeza mshale na yote yanarudi madogo, kazi ya kufumba na kufumbua... na njiani ndiko hakuna mshale, wifi yake alisimama mbele yake sokoni, naye akamwamkia kama asiyemjua, "Wifi, mbona unaniamkia kama mkaguzi wa shule?" na ilibidi acheke, aseme jua lilikuwa machoni, na wifi akacheka pia lakini akamshika mkono mpaka barabara ikavukwa, hakuuliza, na kutoulizwa kule kuliuma kuliko kuulizwa... alikwenda kwa daktari wa macho akiomba iwe mtoto wa jicho, aliomba kweli, kwa sababu mtoto wa jicho hutolewa, mtu anakaa na kitambaa siku chache, kinafunguliwa, anaona, na yeye na watoto wamezoeana tangu zamani, lakini daktari alizima kurunzi yake ndogo akasema si mtoto, Mama, ni nyuma kabisa, ni mshipa, kilichokwenda hakirudi, tutajaribu kukichelewesha kilichobaki, na alipotoka pale hakumwambia mtu, kwa kuwa karani asiyeona ni nini, ni mpishi asiye na ulimi, na kustaafu bado miaka minne... "Bi Karani?" anasema Mkuu, si kwa ukali, Mkuu hana ukali, angekuwa nao ingekuwa afadhali.

Na asiulizwe tena kwa nini mashine inabadilishwa, kwa maana anajua, wote wanajua, ni kwa sababu ya ile barua, inayo faili lake kule kabatini, na yeye ana mtindo wake wa kuandika barua za majibu, mtindo wa siku nyingi, mwepesi, aliuona ni werevu, barua ni moja kwa wote, kwa waliokubaliwa na waliokataliwa, "tunakujulisha kwamba hutapokelewa chuoni muhula huu," anachapa kwanza za waliokataliwa, kisha anarudi kwenye neno lile, anafuta herufi moja ya mbele, h, hutapokelewa inakuwa utapokelewa, anachapa za waliokubaliwa, kazi imekwisha, saa moja nzima ameiokoa, miaka yote hiyo h ilikwenda na kurudi kama mlango wa jikoni na haikumdhuru mtu, mpaka muhula huu, ambapo palitakiwa barua moja zaidi ya binti aliyeomba ushonaji, aliyerukwa barua zilipochapwa, h ilikuwa imekwisha kurudishwa mahali pake, akaandika jina, akaifuta h, aliamini ameifuta, kidole kilibonyeza, na mahali pa kutazama palikuwa na doa... baba wa binti alikuja wiki tatu baadaye na barua imekunjwa ndani ya mfuko wa plastiki isilowe, hakuja kugomba, alivua kofia, alisema, "Nimekuja kuuliza tu mwanangu alipungukiwa nini, ili mwakani ajirekebishe," na Mkuu akaitazama orodha, jina liko, liko kwa waliokubaliwa, na cherehani yake imekwisha kupewa mwingine na darasa limejaa pomoni, Mkuu akaishika ile barua kwa vidole viwili, akaitazama kompyuta, akasema hii mashine imechoka, sasa inajitilia herufi zake yenyewe, akamgeukia yeye, si ndiyo, Bi Karani, na yeye akasema, kwa sauti yake nzuri ya darasani, "Ndiyo, Mkuu, siku hizi inaruka-ruka," na yule baba akaitikia kwa kichwa, akasema vitu vya umeme ndivyo vilivyo, akashukuru, akashukuru jamani, akavaa kofia akaenda.

Inaruka-ruka... mashine iliyosimama hapo haijawahi kuruka, ni mzigo wa kuchelewa tu, kuchelewa si uongo, yeye ndiye aliyewaambia watoto miaka kumi na tisa aliyemwaga wino aseme ni mimi, hatachapwa, na walisema, wana miaka mitano lakini walisema, midomo ikiwatetemeka... "Kibodi nimeijaribu, Mama," fundi anasema, amesema chini sana, bila kuinua kichwa, kama anayezungumza na waya, "herufi zote, moja moja, hakuna inayobonyea yenyewe," na Redio yuko kwenye habari ya kompyuta ya shemeji yake iliyoshika moto, hasikii, Mkuu ameirudisha simu sikioni, anasema sekunde moja tu mzee, hasikii, "na nimekuta maandishi yamekuzwa mpaka mwisho, na yale matone ya rangi, sikuyagusa, tukiitengeneza hii yatabaki kama ulivyoyaweka"... basi anajua, amejua tangu asubuhi, ameinama pale na siri yake mkononi pamoja na bisibisi, na anamfungulia mlango, aseme ikarabatiwe tu, aseme neno moja, atabaki na mabonde yake na mshale wake, na moyo wake umekwisha kwenda kwenye mlango huo mbio, umefika, umeshika kitasa... halafu barua za muhula ujao ni arobaini na tatu, zinaandikwa kuanzia kesho, na doa linakua, diski mpya haitalipunguza, kumbukumbu mpya haitaliona, na akisema wanunue ile ndogo, siku ya kwanza atakaa mbele ya mwanga mweupe na Redio atauliza mbona huandiki, ikarabatiwe, inunuliwe, ameyageuza majibu yote mawili kama mtu anayepapasa funguo gizani na hakuna linaloingia, maana kila moja ni kusema tena kwamba kosa ni la mashine.

Na yule binti hakuiona hii mashine. Yeye hajui habari za diski. Anajua alipungukiwa... huko aliko, ameambiwa kompyuta ilikosea, lakini kwa wiki tatu kabla ya kuambiwa alikaa na ile h peke yake, akajitafuta, akapata, mtoto akitafuta upungufu wake hakosi kuupata, huenda ni mwandiko, huenda ni siku ya usaili nilipoangusha sindano, na akishaupata hauondoki kwa kuambiwa umeme ndivyo ulivyo, angemwona mtu, angemwona huyu mwanamke na doa lake aseme ni mimi mwanangu, macho yangu, wewe hukupungukiwa kitu... na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi hafikirii kiti chake, anakiona lakini kwa mbali, kama cha mtu mwingine, hofu iko, haikupungua hata chembe, ila imesogea ikaacha nafasi ya maneno mawili hivi, hajui kama yatatosha, hajui kama sauti itakuwa ile ya darasani au nyingine asiyoijua, fundi ameshika bisibisi, skrubu sita ziko kifunikoni, Redio amegeuza kiti amtazame, na Mkuu amesimama mlangoni, kiganja kwenye simu, nyusi juu, "Tuseme ipi?" na yeye midomo yake imeanza kutetemeka... Nawe, siku ukimwuliza mtu swali dogo na akachelewa kulijibu, kumbuka hili moja tu: mngojee.