Mkono Uliopumzika

"Imeanza lini?" daktari aliuliza.

"Wiki iliyopita," baba akajibu, kwa sauti ileile anayowaambia wateja kwamba kazi yao inamaliziwa wakati hata hajaigusa.

Nilikuwa nimekaa pembeni yake, mkoba mapajani. Ndani ya mkoba mlikuwa na daftari langu la michoro, kurasa themanini na nne, na kila ukurasa ulikuwa na mkono wake wa kulia, chini yake tarehe. Ningeweza kumfungulia daktari siku yenyewe: Jumatatu, tarehe kumi na saba Februari, saa tano asubuhi, kabla chai haijaletwa. Hospitali nzima haikuwa na ushahidi kama ule. Nikaushika mkoba kwa mikono miwili, sikuufungua, na hadi leo sijui kama ile ilikuwa heshima au woga.

"Wiki iliyopita," baba alirudia, maana daktari alikuwa bado hajaandika kitu.

Mambo yalianza Januari, mwaka wangu wa mwisho chuoni. Kila mwanafunzi alitakiwa kutengeneza filamu ya katuni ya dakika nne, yote ichorwe kwa mkono. Mwalimu wetu, Madam Kokugonza, alitupiga marufuku kutafuta wahusika mtandaoni. Alisema huko tutaokota vya wenzetu tu, tutoke nje tukatazame watu. Basi mimi na Osward, mwenzangu aliyekuwa anajua kompyuta kuliko sisi wote, tukabeba madaftari tukaenda Busisi, kwenye kivuko cha ziwani.

Tulishinda pale siku mbili. Nilichora watu wakisubiri kivuko, nikachora nguzo za daraja, nikachora mama mmoja muuza sato wa kukaanga ambaye alifunika beseni lake na kutuambia kwamba kutazama bure ni televisheni. Tulirudi na sura zaidi ya sitini na mimi nilijiona nimepatia. Madam alizipitia zote huku amesimama, hakuvuta hata kiti.

"Mwanabaraka, umenichorea foleni," alisema. "Mtu yuko wapi?"

Nilimchukia kwa siku mbili. Siku ya tatu akaniita na kunipa kazi ambayo nilidhani ni adhabu: chagua mtu mmoja, sehemu moja ya mwili wake, uichore kila siku, usifute, uandike tarehe. Akaniambia nisihangaike na uso, kwa sababu watu wameshajifunza kuutuma uso useme wanachotaka. Tabia ya mtu, alisema, utaikuta pale asipodhani anatazamwa.

Mtu wa karibu wa kumtazama bure alikuwa baba. Baba yangu, Seif, ni sonara. Babu yake alikuja Mwanza na reli kutoka Tabora akiwa na nyundo moja na koleo moja, akaoa Msukuma, na tangu hapo familia yetu imekuwa ikikaa kwenye chumba kilekile chembamba mjini, ikitengeneza pete, hereni na bangili. Mimi ni mtoto wa pekee. Nilipochagua katuni badala ya dhahabu, baba hakugomba. Aliuliza tu kama katuni ni kazi ya kukaa au ya kusimama. Nilipomwambia ni ya kukaa akasema basi hatujaachana sana.

Majuma ya kwanza niliuchora mkono ukiwa kazini. Ulikuwa mkono wa kuonea wivu. Aliokota chembe ya lehemu kwa kibano, chembe ndogo kuliko ufuta, akaiweka kwenye kiungo cha mkufu huku anapuliza moto kwa mrija, na hakuna kilichoyumba isipokuwa moto. Lakini mkono unaofanya kazi kila mtu ameuona. Nikaanza kuuchora ukiwa umepumzika: umelala kwenye meza, umelala gotini, baba anaongea na mteja au anasikiliza redio. Ndipo siku ile ya Februari nikaona dole gumba linasugua kidole cha shahada. Taratibu, mfululizo, bila yeye kuwa na habari.

Nilijua papo hapo ni nini. Mimi ni mtoto wa sonara, nitakosaje kujua? Nimekua nikimwona akichota vumbi la dhahabu mezani na kulisikiliza kwa vidole kama limechanganyika na mchanga. Nikaandika chini ya mchoro: *Hata akipumzika, vidole vyake bado vinapima dhahabu.* Nikapiga mstari.

Mhusika wangu akazaliwa hapo. Sonara mzee ambaye vidole havilali. Nilipoonyesha michoro ya kwanza darasani walinipigia makofi, na Madam Kokugonza akavua miwani akasema, "Hiki huwezi kukiokota mtandaoni." Kichwa kikavimba. Nilirudi dukani na simu ya Osward ili nimrekodi baba, niwe na kitu cha kutazama wakati wa kuchora mwendo.

"Baba, fanya tena kile kitu cha vidole."

"Kitu gani?"

Nikamwonyesha kwa mkono wangu. Akacheka, akajaribu, lakini kilikuja kikubwa na cha uongo, kama mtu anayeita kuku kwa mchele.

"Hapana baba, si hivyo. Wewe ukikaa tu kinakuja chenyewe."

Aliacha kucheka. Akautazama mkono wake, akanitazama mimi, akasema ana kazi ya watu. Tangu siku hiyo kila nilipoingia dukani mkono ulikuwa mfukoni mwa koti, au umekaliwa, au umeshika kitu hata kama kitu chenyewe hakina shughuli. Na mimi, mchora tabia hodari, niliandika na hilo: *Ana majivuno kidogo, huficha mkono akijua anatazamwa.* Ule ukurasa ningekuwa na uwezo ningeumeza.

Hadi Julai niliendelea kuchora. Halafu asubuhi moja alinipigia simu niende naye hospitali, akasema ni macho, na mama naye alikuwa ameambiwa ni macho.

Daktari hakubishana naye kuhusu ile wiki iliyopita. Alimwambia aweke mikono mapajani, ailegeze, kisha ahesabu kutoka mia kurudi nyuma. Baba alifika tisini na tatu. Dole gumba likaanza, likasugua kidole cha shahada, na mkono mzima ukafuata mpaka kwenye kiwiko. Niliutambua mara moja. Ulikuwa mchoro wangu. Daktari akampa kalamu aishike, na ule mkono ukatulia kabisa, kama vile hakuna kilichotokea.

"Umeona, mzee? Ukiupa kazi unatulia. Ukiupumzisha unaanza. Kwa sasa," daktari alisema, na akataja jina la ugonjwa, Parkinson. Alieleza kwamba dawa zinapunguza, haziondoi.

Baba aliuliza swali moja tu. "Na kazi yangu? Mimi ni sonara."

"Utafanya kwa muda."

"Muda gani?"

"Hapo mzee wangu nitakudanganya," daktari akasema, akaanza kuandika.

Nje tulikaa kwenye benchi tukisubiri dawa. Nilitaka kusema kitu ambacho kingekuwa na maana na sikukipata, nikaishia kusema ukweli.

"Baba, nilikuwa na michoro. Ninayo tangu Februari. Ningekuwa nimesema mapema..."

"Februari?" Alitabasamu kidogo, na lile tabasamu liliniuma kuliko angenigombeza. "Mimi najua tangu mwaka juzi, mwanangu. Wewe uliniona siku nilipochoka kuuficha."

Miezi mitano nilikuwa nimemkodolea macho mtu huyu kuliko mtu yeyote aliyewahi kumtazama, na tarehe yangu yenyewe haikuwa sahihi.

"Hiyo katuni yako," aliuliza baadaye, "itaonyeshwa kwa watu?"

"Ukumbini, chuoni. Wazazi wanaalikwa, na watu wa mjini."

"Na huo mkono umo?"

"Umo."

"Uutoe." Aliangalia huku na huku kama kuna anayetusikia. "Mtu akikukabidhi dhahabu ya marehemu mama yake, anautazama mkono kwanza ndipo anakutazama usoni. Nina kazi za watu mkononi, Mwanabaraka. Niache nimalize hata hizo. Mji usinijue kabla sijamaliza."

Nikamwahidi. Nilidhani ndilo jambo dogo kabisa ninaloweza kumfanyia. Ugonjwa sina uwezo nao, lakini kalamu ni yangu.

Nilikaa mezani kwenye chumba changu cha kupanga, Kiseke, kwa majuma mawili nikiuchora upya ule mkono, umetulia gotini, vidole vimelegea. Kwenye katuni ya mkono, sekunde moja inakula michoro kumi na miwili, na mchoro ule ule inabidi uuchore tena na tena ili mtu aonekane anaishi. Nilifuatisha mistari kwa pumzi iliyozuiwa. Nilipomaliza, Osward akaiunganisha kwenye kompyuta, tukaitazama, na mkono ulikuwa unatetemeka.

Haukuwa wa baba sasa, ulikuwa wangu. Hakuna binadamu anayeweza kupita juu ya mstari mara kumi na mbili bila kukosea upana wa unywele, na ule unywele mmoja ukiuonyesha haraka haraka unakuwa mtetemo. Nikachora upya. Nikabadilisha kalamu, nikabadilisha karatasi, nikachora asubuhi kabla sijanywa chai ili mkono uwe mtulivu. Kila mara ulitetemeka. Nililia mbele ya Osward, na Osward, ambaye hakujua lolote, alidhani nalilia maksi.

"Mbona rahisi?" alisema. "Chukua mchoro mmoja, uugandishe. Hautacheza."

Tukaugandisha. Haukucheza. Mzee wangu wa kwenye katuni alikuwa anapumua, anapepesa macho, ndevu zinaenda na upepo wa dirishani, na gotini kwake kulikuwa na mkono wa maiti. Nilimpelekea baba nyumbani, nikamwekea kompyuta mezani. Aliinama karibu, akatazama mpaka mwisho.

"Hapo sawa," alisema. "Hapo umenisaidia." Alifurahi kabisa, na mimi nikaenda kusimama jikoni mpaka nilipoweza kurudi.

Siku ya maonyesho ukumbi ulijaa. Baba alikuja na koti lake, mkono mfukoni, akapangiwa kiti safu ya tatu jirani na Bi Shamsia, mteja wake wa siku nyingi, ambaye bangili za marehemu mama yake zilikuwa dukani kwetu zikisubiri kuunganishwa. Filamu yangu ilipoisha niliitwa mbele. Madam Kokugonza alikuwa na kipaza sauti na uso wa mtu aliyevunjiwa chombo.

"Mwanabaraka, ile michoro ya mwanzo ya vidole ilikuwa hai. Huu mkono wa leo umekufa. Kwa nini uliutoa?"

Nilimwona baba ameinua kidevu. Nilimwona Bi Shamsia akinitazama kwa huruma.

"Nilishindwa kuuchora, Madam," nikasema.

Lilikuwa jibu la kweli, na lilinishusha maksi. Mwongoza shughuli, kijana mchangamfu aliyeona binti wa watu ameaibika, akadaka kipaza sauti kuokoa jahazi. "Pamoja na yote tumpigie makofi dada yetu! Na mzazi wake yuko wapi? Mzazi asimame tumwone."

Baba alisimama. Huwezi kusimama mbele ya watu mia tatu, wote wamekugeukia, ukaacha mkono mfukoni wakati mwanao anapigiwa makofi. Akautoa, akaanza kupiga makofi pamoja nao. Ulikuwa mkono imara, mkono uliopewa kazi.

Makofi yakaisha. Yeye hakuacha.

Watu wakacheka kwa upendo. Mmoja nyuma akasema mzee anampenda mtoto wake, na Bi Shamsia, akiwa na macho ya machozi, akaanza tena kumsaidia, safu yao ikafuata, kisha ukumbi wote. Baba alikuwa ananitazama mimi, na nikajua akiacha tu mkono utaanza. Nikaanza kupiga na mimi, kwa nguvu zangu zote, nikiwageukia wenzangu ili wasiache, na hawakuacha, wakafurahi, wakasimama. Tulipiga muda mrefu. Viganja viliwaka moto. Kisha watu wakaanza kuchoka, safu za nyuma kwanza.