Risasi Isiyo na Tundu

Kwa heshima zote, mama yangu mzazi aliangua kilio mbele ya kliniki nzima kabla muuguzi hajamaliza maelezo yake.

Dada alikuwa na mimba ya miezi minane. Wiki chache kabla, alikubali kutolewa damu kwa ajili ya utafiti wa wajawazito wa mtaa wetu, na sasa majibu yalikuwa tayari. Muuguzi, mwenye sauti ya mtu anayeombea chakula, akasema, "Dada, kwenye damu yako tumekuta risasi."

"Uwii! Nani kampiga mwanangu?" Mama akaruka kutoka kwenye benchi. "Na mtoto je? Imempata mtoto?"

Mimi, msichana wa shule ya bweni niliyekuwa nyumbani kwa likizo, nilizunguka nyuma ya Dada nikamkagua mgongo. "Hakuna tundu, Mama. Labda aliimeza."

"Nyamaza wewe, huna adabu!"

Foleni nzima ya wajawazito ikacheka. Hata Dada alicheka, kashika tumbo. Muuguzi hakucheka. Wala Shemeji, aliyekuwa amesimama mlangoni na ovaroli yake ya kazi.

"Si ile ya bunduki, mama," muuguzi akaeleza. "Ni madini ya risasi, yale ya kijivu, laini lakini mazito. Yakiyeyushwa yanatoa moshi na vumbi. Ukilivuta au likiingia kwenye chakula, linafika kwenye damu. Na kwa mjamzito haliishii kwake. Kondo la nyuma halilizuii. Siku ya kujifungua tutapima damu ya kitovu, ndipo tutajua mtoto amepata kiasi gani."

"Litamfanya nini?" Dada alikuwa ameacha kucheka.

"Linaweza kugusa ubongo. Akachelewa kuongea, akapata shida kujifunza. Linaweza, dada. Siwezi kusema litafanya."

Tulirudi nyumbani kila mtu na lake moyoni. Dada hakukaa. Alisimama uani, akamtazama mumewe.

"Mama kalia. Huyu kichaa kanikagua mgongo. Wanawake wote wamecheka. Mbona wewe hukuuliza nani kanipiga?"

Shemeji alikuwa fundi betri. Alinunua betri mbovu za magari, akazipasua, akayeyusha vyuma vya ndani kwenye sufuria kuukuu nyuma ya jiko letu, kisha akauza mabonge. Sisi tuliyaita mabonge. Wanunuzi wake waliyaita risasi.

"Nilijua anasema madini," akajibu.

"Ulijua yana sumu?"

"Watu wanasema mengi. Mimi nayeyusha miaka yote, si unaniona mzima kama ngiri?"

"Sikuulizi habari zako. Nani anafua hiyo ovaroli?"

Hapo Shemeji alitazama beseni la kufulia pale uani, kisha tumbo la Dada. Nilikuwa na utani mzuri sana kuhusu ngiri. Nikaumeza.

Kesho yake alihamishia sufuria kwenye banda la rafiki yake. Dada alipiga deki kwa kitambaa kibichi, kama muuguzi alivyomwagiza, asubuhi na jioni, mpaka sakafu ikawa haina wakati wa kukauka. Majirani walimwita Mama Risasi, akawa anaitika. Usiku nilimsikia akizungumza na tumbo lake, akiliuliza kama linamsikia.

Alijifungua salama, mtoto wa kike, mwenye sauti ya kengele ya bweni. Kabla hata hatujampa jina, damu ya kitovu chake ilikuwa imekwenda maabara.

Siku ya majibu, Shemeji alitukuta kliniki akitokea kazini moja kwa moja, ovaroli ikiwa bado mwilini.

"Risasi imemfikia mtoto," muuguzi alisema taratibu. "Kiasi chake kinakaribia chako. Mnyonyeshe, mlete tumpime tena, tutamfuatilia anavyokua. Na vumbi lisirudi nyumbani."

Mama alishika mdomo. Safari hii hakulia.

"Nipe mwanangu," Shemeji akanyoosha mikono.

Dada akageuza bega. "Nenda kanawe."

Alikwenda kwenye bomba la nje. Tulisikia maji yakimwagika muda mrefu. Akarudi na mikono inayochuruzika.

"Na ovaroli."

"Hapa? Mbele za watu?"

Dada akambana mtoto kifuani. Shemeji akafungua vifungo, akaivua mpaka kiunoni, akasimama kifua wazi mbele ya foleni. Hakuna aliyecheka, hata mimi. Dada alimtazama, akatazama ile nguo yenye vumbi iliyokuwa bado ikining'inia kiunoni mwake, kisha akanipa mimi mtoto.