Maharage Juu ya Ntumba

Kabla sijafumbua macho nilisikia jembe. Lilikuwa likiingia ardhini, linakaa, kisha linatoka polepole, kama mtu anayeng'oa mguu kwenye tope. Nikajua ni mama. Jembe la mwenye afya halikai namna ile.

Jana yake nilikuwa nimebeba matofali mjini mpaka jua linazama. Mabega yaliwaka. Nikatoka na shati lile lile, na hasira.

Ukungu ulikuwa umelala juu ya bustani, juu ya mchicha na figiri, juu ya mayungiyungi meupe ambayo mama huyakata kila Jumamosi kwa ajili ya altare. Nyuma ya maua hayo mama alikuwa amepiga magoti mbele ya ntumba, kichuguu cha kuozeshea majani. Majani aliyoyafyeka alikuwa ameyarundika, na sasa alikuwa akiyafunika kwa mabonge ya udongo.

"Mama, daktari alikwambiaje?"

"Nisiiname. Umeniona nimeinama?"

"Mbolea si ipo dukani?"

"Uliileta mwaka juzi, Yusto. Vitunguu vikawa kama kichwa cha mtoto, vikaozea chini ya kitanda."

Sikucheka. Jumapili dada yangu Lydia angekuja kumchukua ampeleke kwake Mtowisa, bondeni kwenye joto, maana baridi ya Sumbawanga ilikuwa imemla magoti. Tulishakubaliana wote. Yeye mwenyewe alikubali.

"Unaondoka," nikasema. "Hii unamfanyia nani?"

"Mvua inakatika. Udongo ukikauka, hata wewe na mabega yako hutaukata."

Alisema kweli. Majani hufukiwa udongo ukiwa na unyevu, yakaoza humo ndani, na msimu unaofuata ntumba hubomolewa na kutandazwa kuwa tuta la mboga. Asiyefukia sasa, mwakani hana bustani.

Lakini mama alikuwa na sheria yake pale nyumbani. Aliyepanda maharage juu ya ntumba ndiye anayeibomoa, na mwingine haruhusiwi kuigusa. Baba alifariki akiwa ameacha mbili. Mama hakuzigusa wala hakuturuhusu kuzigusa. Bado zipo kando ya uzio, zimeota nyasi, na kuku hulala juu yake wakiota jua.

Nikaona fundo kwenye pembe ya khanga yake. Yalikuwa maharage ya mbegu. Alilifungua, akalitazama, akalifunga tena.

"Mbona hupandi?"

"Mkono umekataa."

"Mimi si mtu wa kuzungushwa, mama. Kama unataka kitu, sema."

"Sitaki kitu." Akajifuta uso kwa mkono wenye udongo. "Nikikuomba utakubali kwa hasira. Agosti utakuwa umechoka kuteka maji, mchicha utakauka, na wewe utaanza kunikwepa kwenye simu. Bora nisikuombe."

Hasira ilinitoka, uchovu ukabaki. Nikaketi kwenye majani yenye umande, naye akaketi. Tukakaa hivyo, watu wawili waliochoka, tukiangalia udongo.

Kisha nikachukua jembe. Nikakata mabonge yaliyobaki, nikaifunika ntumba mpaka juu, nikaipigapiga kwa kiganja kama nilivyomwona akifanya tangu utoto. Nilipomaliza nikaishika pembe ya khanga yake. Hakunizuia. Nikafungua fundo, nikatoboa udongo kwa kidole, nikadondosha maharage.

"Umeyabananisha," akasema.

"Yaache yabanane."

"Utavuna majani matupu."

"Nitakula majani."

Hapo akacheka kidogo, akashika goti. Nikampa mkono, akainuka kwa vipande vipande, akasimama akiniegemea. Alikuwa mwepesi kuliko tofali.

"Mama," nikasema, "mvua ya kwanza ya Novemba nitaibomoa hii kwa mikono yangu. Na kila Jumamosi maua yatafika altareni. Hata nikiwa nimechoka, nitayapeleka."