Kitenge cha Marehemu

Kezia aliuza vitenge katika soko la Kasulu tangu enzi za uhaba, ambapo kuvaa kitambaa kipya kulitosha mtu kuitwa polisi akaeleze alikokipata. Nestori hakulifikiria hilo alipomletea posa mwaka wa tisini na sita.

Nestori alikuwa mnunuzi wa maharage kutoka Kibondo, mpole, msafi wa nguo. Alisema mkewe Claudine alifariki mwaka wa themanini na tatu. Kezia, ambaye naye alikuwa amefiwa na mumewe, alimpenda. Akaomba jambo moja tu: aone picha ya marehemu.

Nestori akaileta. Claudine alisimama mbele ya migomba, amevaa blauzi yenye mabega yaliyotuna na kitenge chenye michoro ya redio.

Kezia aliitazama kwa muda. Mwaka wa themanini na tatu Kasulu nzima ilikuwa ikivaa viraka. Mabega ya namna ile yalikuja baadaye, pamoja na mitumba. Na kitenge cha redio alikileta yeye mwenyewe mwaka jana, kutoka kwa Wakongo wa Kigoma mjini.

"Alikuwa mzuri," akasema. "Alikwenda kwa amani?"

"Kwa amani sana," Nestori akajibu.

Nestori alipoenda Makere kutafuta maharage, Kezia alipanda lori la mahindi hadi Kibondo, akauliza nyumba ya Nestori. Uani alimkuta mwanamke anatwanga sombe, majani ya muhogo.

"Mwakeye, mama," Kezia akamsalimu kwa Kiha. "Wewe ndiye Claudine?"

"Ndiye mimi. Karibu."

Kezia akakaa, akamweleza yote. Claudine aliendelea kutwanga mpaka mwisho wa maelezo.

"Nilikufa kwa ugonjwa gani?"

"Homa."

"Niliumwa sana?"

"Sana. Anasema alikuuguza yeye mwenyewe."

Claudine akafikiri. "Hapo kadanganya."

Kisha akauweka mchi chini, akajifuta macho kwa upindo wa kanga. Kezia akaitazama miguu yake mwenyewe yenye vumbi. Alikuwa amemtaka kweli yule mwanamume, na kulisema hilo mbele ya mkewe kulimuuma kuliko uongo wenyewe.

"Hukujua," Claudine akasema. "Mimi niliyekaa naye sikujua."

Jioni Nestori alirudi, akawakuta wanakula ugali wa muhogo. Akasimama mlangoni, kofia mkononi.

"Kezia, nilikuwa nataka kukueleza."

"Nawa mikono ule," Claudine akamwambia. "Huwezi kukosa kula kwenye matanga ya mkeo."

Akanawa, akala.

Asubuhi wanawake wale wawili waliondoka na lori moja. Claudine alishukia kwa dada yake, kijijini Heru Juu, akakaa huko mpaka maharage yakavunwa. Nestori alimfuata mara nyingi kumwomba msamaha, na mwishowe Claudine alirudi kwake, kwa masharti ambayo Kezia hakuyauliza. Lakini kila alipofika Kasulu, Claudine alipita sokoni, akavuta kigoda, wakakaa pamoja wakizungumzia mvua.